Spishi iliyoletwa si lazima iwe vamizi

Juzi nimesoma tena habari ya aina hii: buibui wa ardhini aliyeletwa na watu ameonekana kwenye kisiwa cha volkeno katikati ya bahari, na kufika sentensi ya pili ameshaitwa "spishi vamizi". Alichovamia hakitajwi.

Spishi iliyoletwa ni ile iliyofikishwa na binadamu, kwa makusudi au bila kujua, mahali ambapo isingefika yenyewe. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachonikera zaidi ni wanaoandika "spishi iliyoingia" badala ya "iliyoingizwa". Tazameni kitenzi: ingia, ingiza, ingizwa. Anayeingia anatenda mwenyewe. Aliyeingizwa ana mtu nyuma yake, hata asipotajwa: baharia, mjenzi, mwenye shehena. Herufi mbili, "zw", ndizo zinazobeba jambo lote, na mwandishi anazidondosha kana kwamba ni pambo.

Kwenye kisiwa cha volkeno tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu kisiwa huzuka baharini kikiwa mwamba mtupu. Ascension, kisiwa cha Bahari ya Atlantiki kilichoko takriban kilomita 1,600 kutoka pwani ya Afrika, kina umri wa kama miaka milioni moja, na hakikuzuka na buibui mgongoni. Kila ukoo wa viumbe wa nchi kavu walioko pale ulitoka kwingine. Tukisema "mgeni" bila kueleza amefikaje, basi wote ni wageni na neno halitufai kitu. Buibui wengi wadogo hupanda mahali pa juu, huachia nyuzi za hariri na kupeperuka; mwaka 1832 mwanasayansi Charles Darwin aliwaona wakitua kwenye kamba za meli kama maili 60 kutoka nchi kavu. Krakatau, kisiwa cha volkeno huko Indonesia, kililipuka Agosti 1883 na kuangamiza viumbe wake, na Mei iliyofuata mtafiti Edmond Cotteau alikuta huko kiumbe mmoja tu, buibui mdogo sana akifuma utando. Huyo hakuletwa na mtu. Aliyefika kwa upepo huhesabiwa kuwa wa asili, hata kama amefika jana.

Buibui wa ardhini wa jamii ya Gnaphosidae wana safari nyingine pia. Wengi wao hawategi utando, huwinda usiku, na mchana hujibanza chini ya mawe au magome ndani ya kifuko cha hariri. Ukipakia mbao, matofali au miche yenye udongo, unaweza kumpakia naye. Urozelotes rusticus, mmoja wa jamii hiyo aliyeelezwa kisayansi mwaka 1872, amesambaa sehemu nyingi za dunia kupitia mizigo ya watu, na mara nyingi hupatikana majumbani.

Na kurekodiwa ni kitu kingine tena. Kurekodiwa maana yake kielelezo kimepatikana na kutambuliwa, pengine buibui mmoja tu. Ili tuseme spishi imejikita, lazima iwe inazaana pale kizazi baada ya kizazi bila kuongezewa wengine kutoka nje. Uvamizi unakuja baada ya hapo: imeenea na inadhuru, kwa mfano inawala au kuwapokonya chakula wadudu wasiopatikana kwingine. Nyingi zinazoletwa haziifikii hatua hiyo.

Kwa hiyo buibui yule wa juzi mwiteni "spishi iliyoletwa, imerekodiwa kisiwani". "Vamizi" lingoje mtu aonyeshe madhara.