Gari la umeme haliwezi safari ndefu?

Wengi husema gari la umeme ni la mjini tu, safari ndefu litakuacha njiani. Hilo limepitwa na wakati. Magari mengi mapya huenda kilomita 400 au zaidi kwa chaji moja, na chaja ya kasi huipandisha betri kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa takriban nusu saa. Ikishavuka 80, gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji ili kuilinda betri. Ndiyo maana kusubiri ijae kabisa njiani ni kupoteza muda bure. Kikwazo halisi ni vituo vya kuchaji: vikiwa haba, hofu ya watu ina msingi. Baridi kali na mwendo mkali navyo hula umeme mwingi, kwa hiyo panga vituo vyako ukiacha akiba.