Vioo vya leza vikisimama, nani anazima mwanga?

Ua, duara au jina la bibi harusi linalowaka ukutani ukumbini kwa kawaida huchorwa na mwale mmoja tu wa leza. Ndani ya mashine mna vioo viwili vya milimita chache, kila kimoja kimegandishwa kwa gundi kwenye mhimili wa mota ndogo iitwayo galvanomita. Kimoja huupeleka mwale kushoto na kulia, kingine juu na chini. Mashine za kawaida za maonyesho hupitia nukta kama 30,000 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, ndiyo maana tunaona mchoro mzima kwa pamoja.

Sasa vioo hivyo vikwame. Waya umechomoka, ampulifaya imeungua au kompyuta imeganda katikati ya wimbo. Leza yenyewe haina habari. Inaendelea kuwaka, na nguvu yote iliyokuwa ikitawanywa ukumbi mzima inabaki kwenye nukta moja.

Leza hupangwa kwa madaraja kulingana na hatari yake. Kwa leza zinazoonekana, kikomo cha daraja la 2 ni miliwati 1, na kimewekwa kwa kutegemea kwamba mtu atapepesa au kugeuka ndani ya robo sekunde. Mashine ya wati 1, ambayo siku hizi haihesabiwi kuwa kubwa, imekizidi kikomo hicho mara 1,000. Gizani mboni hupanuka hadi kama milimita 7, kwa hiyo mwale mwembamba huingia wote, na lenzi ya jicho huukusanya kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hadi ukali wake ukapanda kama mara 100,000. Retina haina hisia ya maumivu. Mtu anaweza kuondoka ukumbini na kovu asilolijua, akaligundua siku atakapojaribu kusoma.

Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1, pamoja na kanuni za Marekani, vinadai kinga maalumu kwa vifaa ambavyo usalama wake unategemea mwale kuwa mwendoni. Kasi ya mwale au upana wa mchoro ukibadilika kwa sababu ya hitilafu, mtu asifikiwe na mwanga unaozidi daraja la kifaa. Upana umetajwa kwa makusudi. Duara dogo sana linalozunguka kwa kasi mahali pamoja lina mwendo, lakini kwa jicho lililo mbele yake linakaribia kuwa sawa na nukta iliyosimama.

Saketi nzuri ya kinga haiulizi kompyuta imeamuru nini. Inasoma sensa iliyo kwenye galvanomita, inayoonyesha mhimili uko wapi hasa. Ishara hiyo hupitishwa kwenye kapasita na rezista, ambazo hutoa volti pale tu ishara inapobadilika. Mhimili ukitulia, volti inashuka hadi sifuri. Kisha kilinganishi, saketi inayolinganisha volti hiyo na kiwango kilichowekwa, hupima: kama hata mhimili mmoja una kasi ya kutosha, leza inaruhusiwa kuwaka. Yote miwili ikitulia, umeme wa leza unakatwa ndani ya milisekunde chache, na kizibo cha kuziba mwale, kilichokuwa kimeshikiliwa wazi na umeme, kinafungwa na springi yake.

Ruhusa, basi, itokane na kuwapo kwa ishara. Wapo mafundi wanaounda saketi inayotuma onyo hatari ikitokea. Waya wa onyo ukikatika, hakuna onyo litakalofika, na mashine itaamini kwamba mambo ni shwari. Kinga ya programu peke yake nayo haitoshi: kuitegemea kompyuta iliyoganda ijigundue ni sawa na kumwachia aliyezimia kazi ya kumwita daktari. Kinga ikishakata, isirudishe mwanga yenyewe. Mwendeshaji aje, aangalie, abonyeze.

Hata hivyo saketi hii ina upofu wake. Sensa hukaa nyuma ya mota, kioo kiko mbele. Gundi ikiachia kioo kikadondoka, mhimili unaendelea kucheza na sensa inaripoti kwamba kazi inaendelea.

Kuna jambo jingine linalowashangaza hata mafundi wazoefu. Wengi hudhani kinga ikikata haraka, hatari inapungua kwa kiasi hichohicho. Sivyo. Kwa muda wa robo sekunde, kikomo kinachoruhusiwa kwenye jicho ni kama miliwati 2.5 kwa sentimita mraba. Ukipunguza muda hadi milisekunde 1, yaani mara 250, kikomo kinapanda hadi kama miliwati 10 tu, mara 4. Mwale mwembamba wa wati 1 ungali mbali mno juu ya hapo. Kwa maoni yangu, muuzaji anayekwambia mashine yake ya wati kadhaa inaweza kuelekezwa kwa watu kwa kuwa "ina kinga" hajaifanya hesabu hii.

Kanuni za Marekani huanzia kwingine: katika onyesho lenye mwendeshaji, mwale mkali upite angalau mita 3 juu ya sakafu ya watazamaji na mita 2.5 pembeni mwao. Julai 2008, kwenye tamasha la Aquamarine karibu na Kirzhach nchini Urusi, mvua iliwafanya waandaaji wafunike uwanja kwa mahema, na miale iliyokusudiwa kwenda angani ikawafikia watu waliokuwa wakicheza. Vyombo vya habari viliripoti kama watu 30 walioumia macho. Mahali kama hapo kinga ya vioo haisaidii, kwa kuwa vioo vinafanya kazi kama vilivyoagizwa.

Mwenye ukumbi anaweza kumtaka fundi afanye jaribio hili kabla wageni hawajaingia: mashine ielekezwe kwenye ukuta usiong'aa, nguvu ipunguzwe, watu wasiwepo mbele yake, kisha kompyuta iagize nukta moja iliyosimama. Mwanga unapaswa kuzimika papo hapo. Halafu avute waya wa ishara mchoro ukiendelea. Hapo pia uzimike, na usirudi waya utakaporudishwa mpaka mwendeshaji aruhusu. Doa likibaki ukutani, mashine hiyo isiwashwe usiku huo.