Je, wajua kwa nini askari wa zamani wa Marekani husubiri miezi mingi kulipwa fidia ya ulemavu?

Askari anapoondoka katika jeshi la Marekani akiwa na goti bovu, masikio yanayovuma usiku kucha au kiwewe cha vita kinachomnyima usingizi, sheria inampa haki ya kudai fidia ya kila mwezi kutoka Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani, ambayo wengi huiita VA. Fedha hizo hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, wala hazitegemei uraia, kwa kuwa kinachotazamwa ni utumishi wa mtu na namna alivyoachishwa jeshi. Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili jambo hili si geni kama linavyoonekana, kwani kati ya mwaka 2008 na 2016 jeshi hilo lilikuwa na mpango wa MAVNI wa kuwaandikisha wahamiaji wenye lugha lililozihitaji, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha. Wapo miongoni mwao waliokwisha kuvua magwanda na sasa wana madai yao wenyewe. Hata hivyo, kutoka siku dai linapowasilishwa hadi siku barua ya uamuzi inapofika, hupita miezi, na pakiingia rufaa huweza kupita miaka.

Kabla ya kueleza sababu, neno moja linahitaji kuwekwa sawa. Tunapomwita mtu mwanajeshi mstaafu, huwa tunamfikiria mzee aliyemaliza muda wake na kupata pensheni. Fidia hii si pensheni ya utumishi. Kijana aliyetumikia miaka minne tu, kisha akarudi uraiani, anaweza kuidai, na ndiyo maana ninasema askari wa zamani na si mstaafu.

Sababu kubwa ya kusubiri ni kwamba dai la fidia ni shauri la ushahidi. Haitoshi mtu kuonekana anachechemea. Kwa kawaida lazima jalada lake lioneshe mambo matatu: kwanza, kwamba leo hii ana maradhi au jeraha linalotambuliwa na mtaalamu wa tiba, pili, kwamba alipokuwa jeshini lilitokea tukio, ugonjwa au ajali fulani, na tatu, kwamba hayo mawili yameungana, yaani cha leo kimetokana na kile cha wakati ule. Madai mengi hukwama kwenye hilo la tatu. Tuchukue mfano wa askari aliyeteguka goti akiruka kutoka kwenye lori la jeshi, akapewa dawa ya maumivu na kurudi kazini siku hiyohiyo bila mtu kuandika lolote. Miaka kumi na miwili baadaye goti limesagika, daktari analiona wazi katika picha, lakini hakuna karatasi inayosema lilianzia kwenye lile lori. Daktari wake akiandika kwamba "huenda" goti liliumia jeshini, sentensi hiyo haimsaidii sana. Akiandika kwamba uwezekano wa kuwa liliumia jeshini ni nusu kwa nusu au zaidi, na akaeleza kwa nini anaamini hivyo, hapo dai limepata mguu wa kusimamia. Sheria yenyewe inasema kwamba mizani ya ushahidi ikilingana, mdai ndiye anayepewa haki. Naona hicho ni kifungu cha utu mkubwa, na inasikitisha kwamba wadai wengi hawakijui.

Basi muda mwingi unaoitwa wa kusubiri ni muda wa kutafuta karatasi. Sheria inaitaka idara imsaidie mdai kuzipata, kwa hiyo maofisa huandika barua kwa hospitali, kwa vikosi na kwa masijala kuu ya kumbukumbu za jeshi, kisha nao hungoja majibu.

Masijala hiyo ina historia ya majonzi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai 1973, moto uliwaka kwenye ghorofa ya sita ya jengo la kumbukumbu karibu na St. Louis, jimbo la Missouri, na kuteketeza majalada kati ya milioni 16 na milioni 18. Kwa jeshi la nchi kavu, takriban asilimia 80 ya kumbukumbu za walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 zilipotea, na hapakuwa na nakala nyingine mahali popote. Yaliyonusurika moto yalilowa maji ya wazima moto katika joto la kiangazi, yakaanza kuota ukungu, ikabidi yakaushwe kwa mitambo. Mpaka leo mzee aliyepigana Korea anaweza kujibiwa kwamba jalada lake halipo, au akaletewa kurasa zilizoungua kingo, zenye jina lake katikati na weusi pande zote. Mtu wa namna hiyo hana budi kujenga ushahidi upya kwa hati za mishahara, barua alizoandikia nyumbani na maelezo ya maandishi ya wenzake wa kikosi, kama wangali hai.

Baada ya karatasi huja uchunguzi wa daktari aliyeteuliwa na idara, ambaye mara nyingi hutoka katika kampuni iliyopewa mkataba. Daktari huyu hatibu; anapima na kuandika. Kikao kinaweza kuwa cha dakika chache, na hapo ndipo malezi ya kijeshi humgeukia mtu. Askari amefundishwa kujikaza, kwa hiyo akiulizwa hali yake husema "si mbaya", na daktari huandika hivyohivyo. Kinachostahili kuelezwa ni mgongo wa siku ile ulipomlaza kitandani hadi mkewe akamvalisha viatu, pamoja na idadi ya siku za namna hiyo katika mwezi. Kusema hivyo si kulalamika, wala si kutia chumvi. Na asiyefika kwenye miadi bila sababu ya maana anaweza kulipoteza dai kwa hilo tu.

Kuna pia sababu ya wingi. Idara huhesabu kuwa dai limechelewa likizidi siku 125, na mwezi Machi 2013 madai yaliyokuwa yamepita muda huo yalifika takriban 611,000. Mwaka uliotangulia, wakaguzi walikuta katika ofisi ya Winston-Salem, North Carolina, majalada yapatayo 37,000 yamepangwa juu ya makabati kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi, na uzito wake ulikuwa tishio kwa jengo lenyewe. Kila jalada katika lundo hilo lilikuwa la mtu aliyekuwa akisubiri jibu au aliyekwisha kulisubiri. Baadaye karatasi zilihamishiwa kwenye mfumo wa kompyuta, na mlundikano ukapungua sana. Kisha tarehe 10 Agosti 2022 ilisainiwa Sheria ya PACT, iliyowafungulia mlango waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za Iraq, Afghanistan na kwingineko, zikiwemo Somalia, Djibouti na Oman. Kwa magonjwa yaliyotajwa katika sheria hiyo, mdai hahitaji tena kuthibitisha lile jambo la tatu. Inatosha kuonesha kwamba alikuwa huko katika kipindi kilichotajwa na kwamba anaugua. Haki ilipopanuliwa namna hiyo madai yaliongezeka kwa kasi, na foleni ikarefuka tena.

Anayetaka kudai akumbuke kwanza tarehe. Kabla hajakamilisha fomu anaweza kuijulisha idara kwamba amekusudia kudai, na taarifa hiyo humshikia nafasi kwa mwaka mmoja. Akiitoa mwezi Machi na kuleta dai kamili Januari inayofuata, kisha akakubaliwa, tarehe ya Machi ndiyo kwa kawaida inayohesabiwa, na malimbikizo yote hulipwa kwa mkupuo. Malimbikizo hayalipi kodi ya nyumba ya mwezi huu, najua, lakini angalau ucheleweshaji wa ofisi haumli mdai fedha zake. Aliye katika dhiki kubwa ya fedha, asiye na makazi, mgonjwa mahututi au mwenye miaka 85 na zaidi anaweza kuomba dai lake litangulizwe.

Kiwango cha ulemavu hupangwa kwa asilimia, kuanzia 0 hadi 100, na hesabu yake huwashangaza wengi. Aliyepewa 50 kwa mgongo na 30 kwa goti hapati 80. Idara husema kwamba mgongo umemwachia nusu ya uzima wake, na goti linachukua asilimia 30 ya nusu hiyo, ambayo ni 15. Jumla ni 65, inayosogezwa hadi 70. Tofauti si ndogo: mwaka 2025 mwenye asilimia 10 alilipwa dola 175.51 kwa mwezi, na asiye na wategemezi mwenye asilimia 100 alilipwa dola 3,831.30.

Akikataliwa, ana mwaka mmoja wa kuchagua njia kati ya tatu zilizoanza Februari 2019: kuleta ushahidi mpya, kuomba ofisa mwandamizi alipitie jalada lilelile bila kuongeza kitu, au kwenda mbele ya jaji wa Bodi ya Rufaa. Ya tatu ndiyo huchukua muda mrefu zaidi, hasa mdai akitaka asikilizwe ana kwa ana. Kama kilichokosekana ni barua ya daktari, kwenda moja kwa moja kwa jaji ni kujiongezea foleni.

Kazi hii haifai kufanywa peke yake. Vyama vya askari wa zamani kama American Legion na DAV vina mawakala walioidhinishwa ambao hutoa huduma bila malipo, na hakuna anayeruhusiwa kisheria kumtoza mdai ada kwa kumwandalia dai la kwanza. Mwanasheria huanza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutoka. Vishoka wanaoahidi asilimia 100 kwa haraka kwa kukatiwa sehemu ya fidia wapo wengi, nao huwawinda zaidi wale ambao Kiingereza cha kiofisi kinawapa tabu.

Na wapo wanaofariki kabla ya barua kufika. Mjane, mgane au mtoto anayestahili anaweza kuomba kusimama mahali pa marehemu na kuliendeleza dai lilipoishia, kwa ushahidi uleule na hata kwa kuongeza mwingine, lakini ombi hilo lazima lifike ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya kifo. Familia nyingi hulisikia jambo hili mwaka ukiwa umekwisha kupita, wakati karatasi zote za marehemu zimekwisha kutolewa kabatini nyumbani na kutupwa.