Uchovu wa Kemo Hauishi kwa Kulala

"Nimelala usiku kucha, nimeamka nimechoka vilevile." Sisi wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) hapa Kisumu tunayasikia maneno haya karibu kila siku. Jamaa wa mgonjwa nao, kwa mapenzi tu, humwondolea kila kazi: usifue, usipike, wewe kaa. Lakini uchovu wa saratani na matibabu yake, hasa kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), si ule wa kutoka shambani. Usingizi peke yake hauutoi, na mtu akikaa kitako wiki baada ya wiki misuli hunywea, hata kwenda chooni kunakuwa safari. Ndiyo maana tunamwagizia mazoezi mtu aliyechoka, ajabu ilivyo.

Kutoka Siaya au Homa Bay kuja kujinyoosha nusu saa ni kumalizia nguvu kwenye matatu. Ndipo simu inapofaa: darasa letu la yoga unalifuata kwa video ukiwa nyumbani. Iegemeze kwenye mkebe wa majani chai umwone mkufunzi. Wewe una kiti cha plastiki kilichosukumwa ukutani kisiteleze. Yoga yetu ni ya kitini: keti wima, vuta pumzi kwa pua ukiinua mikono hadi pale mwili unapokubali, uitoe polepole ukiishusha. Kisha inuka na kuketi mara tano, bila haraka. (Wengine huuliza kama ni ibada. Asili yake ni India, ila hapa hakuna maombi, ni pumzi na viungo tu.) Bando ikiisha katikati, tembea hadi langoni na kurudi, hayo pia ni mazoezi.

Wataalamu wa kimataifa mwaka 2019 walipendekeza dakika 30 za mazoezi ya wastani, mara 3 kwa wiki. Usizivamie zote. Siku mbili tatu baada ya dripu ya kemo, dakika tano zatosha. Kipimo ni hiki: uweze kuongea, lakini kuimba kukushinde.

Mwulize daktari wako kwanza, hasa kama saratani imefika mifupani, chembe za kugandisha damu zimeshuka, au nyayo zina ganzi kwa sababu ya dawa. Uchovu ukizidi ghafla, damu ipimwe, maana upungufu wa damu hautibiwi kwa yoga. Na joto la mwili likifika nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo, acha mazoezi uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.