Je, wajua? Wagombea wakifungana England, diwani hupatikana kwa kuchota kikaratasi

Neno "kura" tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni kile kinachochotwa au kurushwa ili bahati iamue. Katika uchaguzi wa halmashauri za manispaa huko England, maana hiyo ya kale bado iko kazini.

Kwanza karatasi za kila sanduku huhesabiwa jumla, bila kujali nani kapigiwa, zilinganishwe na hesabu ya kituo. Kisha huja kura za wagombea. Kata nyingi zina viti viwili au vitatu, na mpiga kura anaweza kuweka alama hadi kufikia idadi ya viti. Aliyechanganya vyama, karatasi yake haiingii kwenye fungu la chama chochote. Lazima isomwe jina kwa jina, na makosa mengi huzaliwa hapo.

Sare yenye uzito ni ya kiti cha mwisho tu. Penye viti vitatu, wa pili na wa tatu wakilingana, wote wanaingia. Wa tatu na wa nne wakilingana, ukumbi unanyamaza.

Mawakala huomba kura zihesabiwe upya, na macho hugeukia karatasi zenye utata. Tiki badala ya X inakubalika, mradi nia ionekane. Alama tatu kwenye kata ya viti viwili zinaharibu karatasi nzima, ilhali alama moja peke yake ni halali. Isiyo na alama rasmi ya uchaguzi, au yenye maandishi yanayomtambulisha mpiga kura, hukataliwa.

Ikibaki sare, msimamizi haruhusiwi kuitisha uchaguzi wa marudio. Kanuni za 2006 zinamtaka aamue papo hapo kwa bahati nasibu, na aliyeangukiwa huhesabiwa kana kwamba ameongezewa kura moja. Kifaa hakikutajwa, ni juu yake: sarafu, vijiti, au vikaratasi viwili vya ukubwa mmoja vilivyokunjwa sawa. La muhimu ni kutangaza kabla ya kuchota kama jina litakalotoka ndilo la mshindi. Ukisema baadaye, umeshachokoza ugomvi.

Si mchezo. Mwaka 2017, kwenye halmashauri ya Northumberland, wagombea wawili wa kata ya South Blyth walipata kura 356 kila mmoja. Vijiti vikampa ushindi Lesley Rickerby wa chama cha Liberal Democrats dhidi ya mgombea wa Conservatives, na chama hicho kikabaki na viti 33 kati ya 67, kimoja tu pungufu ya wingi wa viti.

Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda mwenye ruhusa ya kuishi Uingereza anaweza kujiandikisha na kupiga kura hizi, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, na tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya kwenu inatosha, hata iliyokwisha muda, ilimradi sura bado ni yako.