Bahrain: Mafuta Kidogo, Utegemezi Mkubwa

Miongoni mwa nchi za Kiarabu zilizo upande wa kusini wa Ghuba, Bahrain ndiyo iliyotangulia kupata mafuta. Yaligunduliwa mwaka 1932 huko Jabal Dukhan, wakati ambapo biashara ya lulu, iliyowalisha wazamiaji na matajiri wa mji wa Muharraq na wa Manama, mji mkuu, kwa vizazi, ilikuwa ikiporomoka kutokana na mdororo wa uchumi duniani na lulu za kukuzwa kutoka Japani. Hata hivyo, hifadhi yake ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya Kuwait au Abu Dhabi, na hilo lilijulikana mapema.

Ndiyo maana Bahrain husifiwa kuwa nchi iliyojiandaa kuishi bila mafuta. Sifa hiyo ina msingi wake, kwani kiwanda cha alumini cha Alba kilianza uzalishaji mwaka 1971, na mwaka 1975, vita vilipozuka Lebanon na mabenki yakaanza kuihama Beirut, Manama iliyafungulia milango. Lakini tukichunguza chanzo cha fedha, sifa hiyo inapungua. Kuyeyusha alumini kunahitaji umeme mwingi, ambao huzalishwa kwa gesi asilia ya Bahrain yenyewe. Mabenki yalifuata fedha za mafuta ya majirani. Kiwanda cha Sitra, kilichofunguliwa 1936, husafisha kwa sehemu kubwa mafuta ghafi yanayoletwa kwa bomba kutoka Saudia. Na hata daraja la King Fahd, lenye urefu wa takriban kilomita 25, lilijengwa kwa fedha za Saudia na kufunguliwa 1986.

Bajeti ya serikali, kwa maoni yangu, inalidhihirisha jambo hili kuliko takwimu za pato la taifa. Kwa kuwa hazina ilitegemea mafuta, pamoja na mgawo wa mapato ya eneo la mafuta la Abu Safah linaloendeshwa na Saudia, raia walizoea kupata elimu na matibabu bila kukatwa kodi ya mapato. Bei ya mafuta iliposhuka kuanzia 2014, deni lilipanda kwa kasi, hadi mwaka 2018 Saudia, Kuwait na Umoja wa Falme za Kiarabu zikaahidi kuisaidia kwa dola bilioni 10. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza mwaka uliofuata kwa asilimia 5, na mwaka 2022 ikapandishwa hadi 10. Kuwait, ambayo tangu 1976 imekuwa na mfuko wa akiba ya vizazi vijavyo, ilikuwa bado haijaanza kutoza kodi hiyo.