Je, Wajua? Kwa Nini Mahandaki ya Cu Chi Hayakuporomoka

Chini ya mashamba na vichaka vya Cu Chi, kaskazini-magharibi mwa Jiji la Ho Chi Minh nchini Vietnam, kulichimbwa mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Yalichimbwa kwa majembe mafupi na vikapu, sehemu kubwa bila nguzo za mbao. Wakati wa vita dhidi ya Marekani, juu yake vikapita vifaru, yakaanguka mabomu. Iliwezekanaje waliokuwa ndani wasifukiwe siku ya kwanza?

Jibu liko kwenye udongo. Mtalii anayekwenda Cu Chi bila kuuangalia udongo atarudi ameona mashimo tu.

Udongo wa huko ni mfinyanzi mwekundu wenye madini ya chuma, wa jamii moja na ule ambao Afrika Mashariki tunauita moramu na kuumwaga barabarani. Tabia yake tunaijua: masika unaganda kwenye viatu, kiangazi jembe linadunda. Wachimbaji wa Cu Chi waliitumia tabia hiyo. Msimu wa mvua, kati ya Mei na Novemba, ardhi ikiwa laini, ndipo walipochimba. Mvua zilipokatika, kuta zikakauka na kukaza. Njia nyingi zilikuwa na upana usiofika mita moja, na dari ilikatwa kwa upinde ili uzito wa juu uelekezwe kwenye kuta. Kwa kuwa maji ya ardhini hayakuwa karibu, waliweza kushuka ngazi tatu: ya kwanza yapata mita 3 hadi 4, ya pili mita 6, ya tatu kati ya mita 8 na 10.

Kazi hii haikuanza na vita dhidi ya Wamarekani. Wanakijiji walianza kuchimba miaka ya 1940 walipopigana na Wafaransa, wakitafuta pa kuficha silaha na njia ya kutoka kijiji kimoja hadi kingine bila kuonekana. Miaka ya 1960, vita dhidi ya Marekani na serikali ya Saigon, yaani ya Vietnam Kusini, vilipopamba moto, vipande vile vikaunganishwa na kupanuliwa. Humo mlikuwa na mabweni, karakana za silaha, jikoni, visima, hata vyumba vya kutibia majeruhi. Kifusi kilikuwa hatari kuliko kelele za kuchimba, maana udongo mbichi mwekundu ukionekana juu ya majani, ndege ikipita umekwisha. Kwa hiyo ulimwagwa mtoni, ukatandazwa mashambani, au ukajazwa kwenye mashimo yaliyoachwa na mabomu.

Lakini dari kutoanguka ni nusu tu ya habari. Watu walihitaji kuhema na kupika. Matundu ya hewa yalichimbwa kwa mshazari na kufichwa, mengine ndani ya vichuguu. Mbwa wa kunusa walipoletwa, wapiganaji walinyunyiza pilipili ya unga kwenye matundu, kisha wakaweka sabuni za Kimarekani, ili mbwa wakute harufu waliyoizoea. Jiko lao, lenye jina la Hoang Cam, mpishi wa jeshi aliyelibuni wakati wa vita na Wafaransa, lilipitisha moshi kwenye mifereji na vyumba kadhaa hadi ukapoa na kutokea mbali, mwembamba, ukitambaa chini. Walipika alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda. Dhidi ya gesi walichimba vipande vya njia vilivyopinda kwenda chini vikajazwa maji, kwa kanuni ileile ya bomba lililopinda chini ya sinki linalozuia harufu isipande.

Januari 1966 majeshi ya Marekani na Australia yaliingia eneo hilo kwa operesheni iliyoitwa Crimp. Wahandisi wa Australia ndio waliosisitiza kuingia ndani na kuchora ramani badala ya kulipua mlango na kuondoka. Mmoja wao alikosa hewa akafia humo. Mwaka huohuo divisheni ya 25 ya jeshi la Marekani ilijenga kambi yake kuu papo hapo Cu Chi, ikajikuta inashambuliwa usiku na watu waliotokea ardhini.

Hata hivyo, udongo ule ulikuwa na kikomo. Mabomu mazito ya ndege za B-52 yaliweza kufikia mahandaki na kuyabomoa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa iliharibiwa pamoja na waliokuwamo. Malaria, njaa, nyoka na minyoo viliendelea na kazi yao kimyakimya. Nasema hivi kwa sababu simulizi za kitalii hupenda ushujaa zikasahau mateso.

Leo kuna maeneo mawili ya kutembelea: Ben Dinh, lililo karibu zaidi na jiji na lenye watu wengi, na Ben Duoc, mbali kidogo na tulivu zaidi. Njia za wageni zimepanuliwa na kuimarishwa, zina taa na milango ya kutokea kila baada ya hatua kadhaa. Hata hivyo utaenda umeinama au kwa kutambaa, joto ni kali, na mwenye pumu au woga wa sehemu finyu asijilazimishe. Utaandaliwa muhogo wa kuchemsha na karanga za kutwanga, chakula cha wapiganaji. Utaonyeshwa pia ndara za matairi, zilezile ambazo Tanzania ni katambuga na Kenya ni akala.

Kuna pia uwanja wa kulenga shabaha kwa bunduki za vita, kwa malipo. Naona haufai mahali hapo. Muda huo ni bora uutumie kwenye hekalu la kumbukumbu la Ben Duoc, ambalo kuta zake zimeandikwa majina ya makumi ya maelfu ya waliokufa.

Anayetaka kuona mahandaki ambayo hayakupanuliwa kwa ajili ya wageni aende Vinh Moc, mkoani Quang Tri, kando ya bahari. Hayo walichimba wanakijiji kujificha mabomu, katika kilima cha udongo mwekundu, ngazi ya chini ikifika mita 23. Watoto 17 walizaliwa humo ndani, na mtu wa kimo cha kawaida hupita karibu akiwa amesimama.